Kabla Hajalia

Ndalambo, Jumapili mchana

Sekela mwanangu,

Nimekusindikiza kwa macho mpaka umekata kona ya kanisani, unatembea kama bata, mkono mmoja kiunoni na mwingine umekumbatia kitabu cha nyimbo. Kwaya wamesema lazima wakuombee kabla hujasafiri, na mimi nikasema nabaki nikukaangie karanga za njiani. Nimeshazikaanga. Zimeungua kidogo, utanisamehe, akili haikuwa kwenye sufuria. Sasa nimekaa dirishani na karatasi hizi, na nikimaliza nitaziweka juu ya kitanda chako, pembeni ya begi, uzikute ukirudi. Nitajifanya nipo shambani.

Mambo ya kula na kuvaa na namna ya kukaa mjini sikuandikii. Shangazi yako huko Dar ana mdomo wa kutosha, atakufundisha hata jinsi ya kuchomekea neti. Na mume wako Baraka, pamoja na kwamba lori lake limekwama kwenye foleni ya mpaka wa Kongo, anapiga simu kila siku kuuliza umekula nini, utadhani yeye ndiye mama mkwe. Mimi naandika kwa sababu uliniuliza swali nikakujibu vibaya. Kesho gari likishakuchukua, nitabaki na lile jibu langu humu ndani, mimi na kuku, mpaka mahindi yaingie ghalani ndipo na mimi nipande basi nikufuate. Ni muda mrefu wa kukaa na jibu baya.

Unakumbuka. Ulikuwa jikoni unachambua maharage, siku chache baada ya kile kipimo cha picha ya tumbo. Daktari alishatueleza yote: kwamba mtoto ana mgongo wazi, kwamba mifupa ya mgongo haikufunga kule chini na uti umejitokeza nje, na kwamba ni lazima ukajifungulie hospitali kubwa Dar ili wampasue mapema, wauzibe. Ulimsikiliza vizuri sana. Uliuliza habari za rufaa, ukauliza ni lini uwe umeshafika, hukutoa chozi, na mimi nikajisifu kimoyomoyo kwamba nimezaa mwanamke. Kumbe swali lenyewe ulikuwa umelificha, unalileta nyumbani.

"Mama," ukasema, macho kwenye ungo, "akicheza humu, anacheza kweli? Au kile kidonda kinamuuma ndiyo maana anarukaruka?"

Na mimi nikasema, "Mtoto hajalia bado, hajui maumivu. Chambua maharage."

Kisha nikatoka nje, nikasema nasikia mbuzi wameingia kwenye mahindi. Hapakuwa na mbuzi, Sekela. Nilisimama nyuma ya choo nikaziba mdomo kwa kanga, maana maneno niliyokuambia si yangu. Ni maneno niliyoambiwa mimi, nikiwa na umri mdogo kuliko wako, na nimeyachukia maisha yangu yote. Halafu siku mwanangu ananiuliza, yakatoka kinywani mwangu yenyewe, moto moto, kana kwamba niliyatunza kwa ajili hiyo.

Tangu siku ile umeacha kumshika. Usidhani sijaona. Zamani akicheza ulikuwa unaweka mkono, unacheka, unasema, "Bosi kaamka." Ulikuwa unamsimulia mpaka bei ya nyanya. Sasa akicheza unafumba macho, mikono unaiweka mezani, unatulia hivyo hivyo kama mtu anayesubiri lori lipite ili avuke. Mgongo ule naogopa, ndiyo, lakini wataushona wanaojua kushona. Hili la wewe kumwacha humo ndani peke yake ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu na mimi nililifanya, nikakaribia kukufanyia wewe moja kwa moja.

Sasa nisikilize. Ulikuwa na kaka.

Najua umesoma sentensi hiyo mara mbili. Soma tu. Alikutangulia. Umekua ukijijua kuwa mtoto wa pekee, na mimi nimewaacha watu wakuite hivyo, kwa sababu kwa watu wa hapa yeye hahesabiwi.

Nilikuja nyumba hii nikitoka Mbozi, kwenye kahawa. Nilijua kuchuma kahawa, nilijua kuimenya na kuianika, lakini ulezi nilikuwa sijui hata kuushika. Wanawake wa ukoo wa baba yako walinicheka mpaka nikazoea. Aliyekuwa hanicheki ni bibi yake baba yako, Bibi Namukoko, yule unayemkumbuka kwa mbali, mwenye kidevu cha kutetemeka. Ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake wote wa upande huu. Nilipopata mimba alinishika tumbo, akasema ni mvulana, akaniongezea karanga kwenye mboga.

Mimba ilikuwa imefika miezi saba hivi, msimu wa kupura ulezi. Tulikuwa uwanjani jioni, wanawake watupu, tunapepeta, na mtoto akaanza kucheza. Hajawahi kucheza namna ile. Tumbo lilikuwa linaonekana kabisa, kanga inaruka. Wenzangu wakaacha kupepeta wakaja kutazama, wakacheka, mmoja akasema huyu atazaliwa ameshasajiliwa timu ya mpira. Na mimi nikacheka. Nilikuwa naona raha, kwa mara ya kwanza mgeni wa Mbozi ana kitu cha kuwaonyesha. Nikampiga kofi dogo juu ya tumbo, nikamwambia, "Tulia wewe, unanimwagia ulezi."

Akatulia.

Usiku nililala vizuri, nikashukuru. Kesho yake hakucheza. Kesho kutwa hakucheza. Sikusema, kwa sababu mke mgeni haendi kulalamikia tumbo kwa wakwe, ataonekana mwoga wa kazi. Nilikuwa namtikisa kidogo nikiwa peke yangu bafuni. Halafu uchungu ukaja wenyewe, mapema, na Bibi Namukoko akaitwa.

Mtoto alikuwa na masikio mazuri, Sekela. Masikio kama ya baba yako, yale yaliyojikunja juu. Bibi alimpiga nyayo, akampuliza puani, akamwinamisha. Hakulia. Basi yeye na wanawake wazee wawili waliokuja naye wakaangaliana, na mmoja akaenda kufungua mlango wa nyuma.

Hii ndiyo desturi ambayo hujawahi kuiona, kwa kuwa siku hizi watu wanajifungulia zahanati na mambo yamebadilika. Mtoto ambaye hakulia hatolewi kwa mlango wa mbele. Hawekewi matanga, mkeka hautandikwi, wimbo hauimbwi, mchungaji haitwi, jina hapewi. Wanawake wazee wanampitisha nyuma na kumzika wenyewe mahali pa baridi karibu na nyumba, na mama haambiwi ni wapi. Mwanamume akirudi anaambiwa "mgeni hakukaa," na anajua hatakiwi kuuliza. Baba yako aliambiwa hivyo. Nilimsikia akiweka jembe chini, akaenda kuosha miguu.

Mimi nilianza kulia. Bibi Namukoko akaniwekea kiganja mdomoni, taratibu tu, kiganja chenye harufu ya majivu.

"Nyamaza, mwana," akasema. "Huyu hajalia. Asiyelia hajaumia. Sasa wewe unamlilia nini? Ukilia utafunga njia, wenzake watapita wapi?"

Nikanyamaza. Nilinyamaza kweli kweli. Unashangaa kwa nini hujawahi kuniona nikilia, hata baba yako alipofariki, mpaka watu wakasema mama Sekela ana moyo wa jiwe. Nilifundishwa siku ile, na nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Nisimsingizie Bibi. Baadaye niliambiwa na yeye alipitisha wake mlango wa nyuma, zaidi ya mmoja. Alinipa dawa aliyokuwa nayo, ile ile aliyoinywa yeye. Kwa muda ilinisaidia. Nilikuwa nikimkumbuka najiambia, hajaumia, hajaumia, hajalia. Halafu ulifika msimu mwingine wa ulezi, tukakaa uwanjani tunapepeta, na nikaliona akilini lile tumbo langu likirukaruka, na swali likanijia: jioni ile mwanangu alikuwa anacheza, au alikuwa anaumia na mimi nikamcheka?

Swali lako, Sekela. Neno kwa neno. Nimelala nalo miaka yote hii, sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani? Mchungaji angeniambia nimshukuru Mungu. Wanawake wenzangu wangeniambia nizae mwingine. Baba yako tulilala naye kitanda kimoja mpaka Mungu alipomchukua, kila mmoja na mtoto wake ambaye hamtaji. Ila nilijua naye anajua, kwa sababu kila mwaka tukivuna alikuwa anayapanga magunia ya mahindi kwenye ule mlango wa nyuma, yeye mwenyewe, hataki msaada. Anasema anazuia panya. Panya wa nyumba hii wanapita mpaka kwenye bati, walikuwa wanahitaji mlango wa nini?

Sasa unaelewa kwa nini nyuma ya nyumba hapalimwi. Umekua ukisikia watu wakipaita msitu wa mama Sekela, balozi wa nyumba kumi kaja hapa mara ngapi kulalamikia nyoka, na wewe ulipokuwa shuleni ulitaka kuweka bustani ya mchicha pale, nikakunyang'anya jembe nikalitupa. Ulilia siku nzima. Sikukueleza. Bibi Namukoko nilimwogesha mimi alipozeeka, nikimsubiri aniambie. Nilimuuliza mara moja tu, ni wapi. Akasema, "Mahali pa baridi." Akageuza uso ukutani. Pale nyuma pote ni baridi, mwanangu, jua halifiki mpaka saa sita. Kwa hiyo nimeacha pote.

Nilipokubeba wewe, sikukushika. Nakuambia ukweli ingawa utaniuma zaidi yako. Nilikubeba kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake apeleke stendi, anauangalia usianguke lakini haufungui. Ukicheza, nilikuwa naenda kuchota maji, au nawasha redio, au naanza ugomvi na mtu. Nilikuwa najiambia, nikimzoea, halafu asilie, je? Watu wakasema huyu safari hii mimba inamfanya mkali.

Baba yako wakati huo alikuwa anachimba dhahabu Galula, na mimi nikapanda pikipiki kumfuata, mimba imeshakuwa kubwa. Barabara ile ina mchanga. Tulianguka kwenye mtaro, mimi chini, pikipiki pembeni, yule kijana wa watu anasema, "Mama samahani, mama samahani, mama usife." Sikuumia sana, nilichubuka mkono. Lakini wewe ulinyamaza. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikangoja. Jua linawaka, hakuna gari, hakuna mtu, na tumbo limetulia kama unga kwenye gunia.

Hapo ndipo nilipokushika. Mikono yote miwili. Na nikaanza kusema na wewe, kwanza kwa kukugombeza, unanijua. "We mtoto, nipige. Nipige upesi. Vunja mbavu kama unataka, nimekuruhusu, lakini nipige." Nikakuomba msamaha kwa kukuwashia redio. Nikakuambia habari za kaka yako, ndiyo, wewe ndiye mtu wa kwanza niliyekuambia, ukiwa humo ndani, kwenye mtaro wa barabara ya Galula. Nilisema mpaka kijana wa pikipiki akasogea mbali, kaona mama kachanganyikiwa. Na jua likiwa linaanza kupungua ukanipiga teke moja hapa chini ya mbavu ya kushoto, la hasira. Nikapiga kelele. Yule kijana akaja mbio anadhani nimekufa, akanikuta nacheka.

Kuanzia hapo sikunyamaza tena mpaka ulipozaliwa. Na ulipozaliwa ulilia mpaka Bibi Namukoko mwenyewe akasema, "Haya basi, tumesikia."

Sasa nikuambie lingine. Ile Jumatano nilipokuaga kwamba naenda Tunduma kununua sukari, na nikarudi bila sukari ukanicheka kwamba uzee umeingia, sikwenda kwa ajili ya sukari. Nilikwenda hospitali, kwa daktari yule binti mwenye miwani aliyekupiga picha. Nilikaa kwenye benchi la wajawazito, mimi na mvi zangu. Mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyemsindikiza binti yake akanitazama akanisogelea.

"Bamayo," yaani mama kwa lugha yao, akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni, "na wewe umebeba?"

"Nimebeba," nikamjibu, "ila huyu wangu ni wa zamani sana."

Benchi zima likacheka. Hata mimi. Zamu yangu ilipofika nikaingia nikamwuliza daktari bila kuzunguka: yule mjukuu wangu mwenye mgongo wazi, anaumia humo ndani au haumii?

Hakunicheka, na hakunifukuza. Alisema wataalamu hawajakubaliana. Wengi wanaona kwamba maumivu, haya yetu tunayoyajua, yanahitaji ubongo uliokwisha kuungana vizuri na mwili, na hilo linakuja mimba ikiwa imeenda sana. Mtoto mdogo zaidi anaweza kuguswa akajikunja, lakini kujikunja peke yake hakumaanishi anasikia uchungu. Wapo wengine wanaosema huenda anahisi kitu mapema kuliko tunavyodhani. Na wapo wanaosema mtoto akiwa tumboni, hata akiwa mkubwa, muda mwingi yuko kama usingizini. Kwa mtoto wako, ambaye mimba imeshapita miezi saba, alisema hawezi kuapa kwamba hasikii, na hawezi kuapa kwamba anasikia.

Kuhusu mgongo akasema jambo nililoliandika kichwani ili nikuletee. Alisema shida ya watoto hawa mara nyingi ni kwamba kuanzia pale penye jeraha kwenda chini mwili hausikii vizuri, miguu inakuwa mizito. Kwa hiyo kucheza kwake ni jambo ambalo yeye, kama daktari, anapenda kulisikia. Na akasema siku ya kumpasua watampa dawa ya usingizi na dawa ya maumivu, kama mtu mzima, hawatamwacha eti kwa sababu ni mdogo. Na akasema sauti yako anaisikia. Hilo alilisema bila "huenda." Masikio yake yameshafunguka, na sauti anayoisikia kuliko zote ni yako.

Nikashukuru, nikasimama, nikafika mlangoni, nikarudi. Nikamwambia, na yule aliyekuwa na miezi saba, akaruka jioni nzima, halafu akanyamaza, yeye je?

Daktari akaweka kalamu chini. "Ni mjukuu mwingine, mama?"

"Ni mwanangu."

Akavua miwani. Alisema wakati mwingine mtoto akikosa hewa anaweza kurukaruka kabla hajatulia, na wakati mwingine anacheza tu jioni kama watoto wote, na kinachotokea baadaye hakihusiani. Akaniuliza ni lini. Nikamwambia, nadhani wakati huo yeye alikuwa hajazaliwa. Halafu akasema, "Sijui, mama. Ningejua ningekuambia."

Nilipanda Kosta nikarudi na hilo "sijui" kwenye mfuko badala ya sukari. Nilikuwa mpweke ndani ya lile gari, Sekela, sijui nikuelezeje, watu wamejaa mpaka mlangoni, kuku wanalia chini ya viti, na mimi kama mtu aliyeachwa porini. Maana moyoni nilikuwa nimetegemea aniambie hakuumia. Nilikuwa nimevaa hata gauni la kanisani kwa ajili ya kusikia hivyo. Lakini tulipofika njia panda nikagundua sina tena ile hasira niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu nisiyejua, kwamba mama mwingine mwenye akili angejua, angesikia kwa tumbo lake mtoto akicheza na mtoto akiumia, na mimi nilipitwa kwa sababu nilikuwa nacheka. Kumbe aliyesomea hajui. Bibi Namukoko hakujua, alisema tu ili niweze kuamka asubuhi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na ulichukue badala ya lile la jikoni. Sijui kama anaumia. Natumaini haumii. Lakini wewe usimwachie mkono. Kama anacheza, cheza naye. Kama anaumia, basi awe na mtu wa kumshika, amsikie anavyosema naye. Mimi wa kwanza sikumkosea kwa kucheka uwanjani, nimeshalikubali hilo, kucheka hakuui mtoto. Kinachoniuma mpaka leo ni zile siku zilizofuata, nilipokuwa namtikisa bafuni kwa siri na sikumwita. Hata neno moja sikumwambia. Nilikuwa naona aibu kusema na tumbo watu wasije wakanisikia.

Mwite bosi. Msimulie basi lote, kila kituo, hata yule mtu atakayekulalia begani kuanzia Makambako. Huko Dar utakutana na wanawake watakaokuuliza ulikula nini, ulivuka nini, nani alikutazama vibaya mpaka mtoto akawa hivi. Watakuuliza kwa huruma, ndiyo mbaya zaidi. Waachie shangazi yako, atawajibu mpaka wasahau walichouliza.

Na akizaliwa akalia, nipigie simu hapo hapo, usiniambie maneno, sogeza tu simu nimsikie. Asipolia, Sekela, sitaki kuandika lakini naandika, asipolia ataletwa hapa. Nitatandika mkeka mbele ya nyumba. Jina atapewa, mchungaji ataitwa, na Baraka atabeba mwanawe kwa mlango wa mbele mchana kweupe. Nimeshamwambia mchungaji. Alikohoa kidogo, akakubali. Kwa nyumba hii, hata asipolia, analiliwa.

Sitakudanganya kwamba nitakuwa sawa ukiondoka. Nimezoea kukusikia ukigombana na jiko asubuhi. Jana nilijaribu kukaa sebuleni nikajidanganya umeshaenda, nione inakuwaje, nikashindwa hata kumaliza chai. Utakuwa kwenye basi na mtu wako tumboni, mmekuwa wawili. Mimi nitakuwa hapa, ila safari hii nitakuwa na mtu wa kumtaja. Nilimpa jina, siku ile ile, kabla hawajafungua mlango. Nilimwita Lusekelo. Sijawahi kulitamka kwa sauti. Wewe ulipozaliwa nilichukua kipande cha jina lake nikakupa, nilikuwa sina namna nyingine ya kumwita kila siku.

Sasa nasikia kwaya wameanza wimbo wa mwisho, ule unaoupenda, utakuwa njiani muda si mrefu. Nimalizie.

Wakati unaombewa, mimi nimefanya kazi. Nimeyaondoa magunia kwenye mlango wa nyuma, ambayo tangu baba yako afariki nimekuwa nayapanga mimi. Mawili nimeyaburuta, yaliyobaki nimepunguza mahindi kwa debe, presha yangu isikusumbue, nilikuwa napumzika. Bawaba zimeshika kutu, nimezipaka mafuta ya kupikia. Mlango umefunguka. Kuna majani marefu na baridi, na ndege wadogo wengi, sikujua kama wanaishi pale.

Kesho, kabla gari halijapiga honi, utatokea kwa mlango huo na mimi. Hatutaenda mbali. Sijui amelala upande gani, kwa hiyo tutasimama kizingitini tu, wewe na bosi wako na mimi, tumuage kaka yako kwa jina. Ukitaka kulia, lia kwa sauti, majirani wasikie, wafungue madirisha kama wanataka.

Usiogope. Mimi nitaanza.

Mama yako